Tuseme Nini kwa Mwenye Msiba?



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalomhusu kila mmoja wetu. Hakuna nyumba katika mtaa wetu ambayo haijapata kufunga turubai uani na kupokea watu wa kuhani. Leo ni kwako, kesho ni kwangu. Twafika, twatoa pole, twaketi mkekani, kisha twafungua vinywa vyetu. Ndipo kosa linapoingia.

Tunaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Zamani kidogo mama mmoja wa mtaa wetu alifiwa na mtoto wake wa pili katika muda wa miaka miwili. Tulimzika mtoto kwa maneno ya Kitabu cha Sala, na baada ya maziko tukaketi na yule mama, tukamwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ndugu mmoja aliyekaa karibu akaongeza kwamba yafaa ajichunguze, maana Mungu hapigi bure. Sisi tulisikia neno hilo, tukanyamaza. Yule mama akainua macho, akatuuliza: "Kama kazi yake haina makosa, padre, basi makosa ni yangu?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo yule mama hakuonekana kwenye Meza ya Bwana kwa miezi mingi.

Swali lake lilitunyima usingizi. Katika kulitafutia jibu tuliona vema kuwasikiliza watu waliolibeba swali hili muda mrefu kuliko sisi, nao ni Wayahudi. Kitabu cha Ayubu kilikuwa chao kabla hakijawa chetu. Zaburi tunazosoma asubuhi na jioni, na kuzimaliza kwa siku 30 kama Kitabu cha Sala kinavyoziagiza, zilikuwa sala zao kwanza. Na tena watu hawa wameonja mateso ambayo mataifa machache yameyaonja. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wao wamekilalia.

KOSA LA RAFIKI ZAKE AYUBU

Ninyi nyote mnaijua habari ya Ayubu. Alipoteza mali, akapoteza watoto, akapigwa majipu mwili mzima. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wakaja kumlilia. Tusisahau kwamba walianza vizuri sana. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona kwamba uchungu wake ni mkuu. Lau wangeondoka siku ya nane, tungewasifu hata leo.

Lakini walisema. Na hesabu yao ilikuwa nyepesi: Mungu ni mwenye haki, wewe unateswa, kwa hiyo umetenda dhambi. Ayubu alikataa. Alilalamika, akamdai Mungu amjibu, akasema maneno ambayo sisi tungeyaita ya kufuru kama yangesemwa kanisani. Na mwisho wa kitabu twasoma jambo la ajabu: Mungu aliwakasirikia wale watetezi wake, akasema kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Wao waliomtetea Mungu walihitaji kuombewa, na mwombezi wao akawa yule waliyemshtaki.

Marabi wa Kiyahudi hawakuiacha habari hii iwe hadithi ya kusomwa tu. Waliifanya kuwa sheria. Katika Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mafundisho yao uliotengenezwa huko Babeli katika karne za kwanza baada ya Kristo, iko sura inayohusu udanganyifu katika biashara. Hapo wanafundisha kwamba, kama ilivyo dhambi kumpunja mtu katika kuuza na kununua, ndivyo ilivyo dhambi kumdhulumu mtu kwa maneno. Wakatoa mfano: mtu akiwa ameshikwa na magonjwa, au amezika watoto wake, ni marufuku kumwambia yale ambayo rafiki zake Ayubu walimwambia. Tena wakasema kwamba dhuluma ya maneno ni mbaya kuliko ya fedha, kwa maana fedha yaweza kurudishwa, lakini neno halirudi.

Ndugu, hebu tulipime jambo hili. Mwenye duka akitupunja nusu kilo ya sukari, twapiga kelele. Lakini ni mara ngapi tumempunja mjane mbele ya watu wote, tukaondoka tukidhani tumehubiri?

Tusiseme kwamba Wayahudi wote walikuwa na mawazo mamoja. Alikuwako mwalimu aitwaye Rabi Ammi aliyefundisha kwamba hakuna kifo pasipo dhambi, wala mateso pasipo uovu. Wengine waliletea fundisho hilo ushahidi wa kulipinga, na mwisho wa mjadala Talmudi yenyewe imeandika kwamba neno la Rabi Ammi limekanushwa. Na mwalimu mwingine, Rabi Yannai, alikiri kwamba haimo mikononi mwetu kueleza kwa nini waovu hustarehe na wenye haki huteswa. Ni maungamo mafupi, nayo yametoka kwa mtu aliyeyatumia maisha yake kujifunza Maandiko.

Ndiyo maana hata leo Myahudi anayeishika desturi yake, akifiwa, huketi chini siku saba, na majirani humletea chakula cha kwanza baada ya maziko. Anayekuja kumhani hapaswi kuanza kusema. Hungoja hadi mfiwa mwenyewe afungue kinywa. Walijifunza hayo kwa Ayubu, aliyekuwa wa kwanza kunena baada ya zile siku saba.

MWALIMU ALIYEFIWA NA NDUGU YAKE

Je, Wayahudi hawakujaribu kueleza kabisa? Walijaribu, tena kwa akili nyingi. Saadia Gaon, aliyezaliwa Misri mwaka 882 akawa mkuu wa chuo cha Sura huko Babeli, alikifasiri kitabu cha Ayubu kwa Kiarabu. Alifundisha kwamba mateso huja kwa njia tatu: kuwa mafunzo, kuwa adhabu, au kuwa jaribu kwa mwenye haki, ambaye Mungu atamlipa katika ulimwengu ujao.

Lakini mkubwa wao alikuwa Musa bin Maimun, ambaye watu wa Ulaya humwita Maimonides. Alizaliwa Cordoba, nchi ya Hispania, karibu na mwaka 1138. Akiwa kijana, watawala walianza kuwalazimisha Wayahudi wabadili dini, na jamaa yake wakahama kutoka mahali hadi mahali, wakapita Moroko na nchi ya Israeli, hata wakatua Misri. Huko Musa alijitia katika vitabu, na mdogo wake, Daudi, akafanya biashara ya vito ili nyumba ipate riziki.

Barua moja ya Daudi ingalipo mpaka leo. Ilipatikana pamoja na karatasi nyingi za kale katika ghala ya sinagogi moja la Kairo, nayo sasa imehifadhiwa Cambridge, Uingereza. Aliiandika akiwa Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Anamweleza kaka yake jinsi alivyovuka jangwa kwa hatari, na kwamba hakukuta bandarini bidhaa za maana, basi ameamua kuendelea kwa jahazi mpaka India. Anamwomba asiwe na hofu.

Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga pwani yetu. Mali yake, ya kaka yake na ya watu wengine ikazama pamoja naye. Aliacha mjane na binti mdogo. Musa aliugua, akalala kitandani karibu mwaka mzima. Na miaka minane baadaye, alipomwandikia rafiki yake, alisema kwamba angali anaomboleza wala hajafarijika. Yule kijana alikuwa amekulia magotini pake. Alikuwa ndugu yake na mwanafunzi wake. Kila aonapo mwandiko wake, moyo humgeuka. Akasema kwamba kama si kujifunza Sheria ya Mungu, angaliangamia.

Mtu huyu ndiye aliyeandika, akakimaliza karibu na mwaka 1190, kitabu kikubwa cha kuwaongoza waliotatizika. Humo anafundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa na Mungu. Uovu ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo upungufu wa nuru. Tena anayagawa mabaya yanayotupata mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale yanayotoka katika maumbile yetu, kwa kuwa tumeumbwa na udongo na udongo huharibika. Hayo, asema, ni machache. Fungu la pili ni yale ambayo watu hutendeana, kama vita na dhuluma. Na fungu la tatu, lililo kubwa kuliko yote, ni yale ambayo mtu hujiletea mwenyewe kwa tamaa ya kula, ya kunywa na ya kutafuta vitu asivyovihitaji. Twamlaumu Mungu, asema, kwa yale tuliyojifanyia kwa mikono yetu.

Na juu ya Ayubu alitoa neno la kufikiriwa. Maandiko yanamwita Ayubu mtu mkamilifu na mwelekevu, lakini hayamwiti mwenye hekima. Mwanzoni alimjua Mungu kwa kusikia habari zake tu, akadhani kwamba afya, mali na watoto ndizo heri kuu. Mwishoni alimjua Mungu kwa hakika, akaona kwamba kumjua yeye ndiyo heri ambayo hakuna msiba uwezao kuiondoa.

Mafundisho haya ni mazito na yana faida. Yafaa kuyatafakari tukiwa wazima, kabla mvua haijanyesha. Lakini angalieni: alipolala kitandani mwaka ule, wala katika barua ile kwa rafiki yake, hatusikii mwanafalsafa akieleza mafungu ya mabaya. Twasikia ndugu akimlilia ndugu yake. Iko saa ya kufundisha, na iko saa ya kulia, na mwenye hekima hazichanganyi.

PALE MANENO YALIPOKWISHA

Kisha katika karne ya ishirini likaja jambo lililozivunja hesabu zote. Katika miaka ya 1941 hadi 1945 utawala wa Hitler na waliousaidia waliwaua Wayahudi wapatao milioni sita, na miongoni mwao watoto zaidi ya milioni moja. Ni nani awezaye kusimama mbele ya watoto hao akasema kwamba Mungu hapigi bure?

Hapa sisi Wakristo hatuna budi kuinamisha vichwa. Kwa karne nyingi huko Ulaya, mimbarani, Wakristo waliwaambia Wayahudi kwamba mateso yao ni adhabu ya Mungu kwa kumkataa Kristo. Sisi tuliomwabudu Myahudi aliyesulubiwa tulifanywa kuwa Elifazi, Bildadi na Sofari kwa ndugu zake. Na neno hilo liliwaandalia njia wauaji, kwa maana mtu aliyekwisha kuitwa amelaaniwa na Mungu, wanadamu hawaoni haya kumtupa.

Baada ya vita wanafikra wa Kiyahudi walihangaika sana. Eliezer Berkovits, katika kitabu alichokitoa mwaka 1973, alikumbusha yale yanayosemwa katika Zaburi juu ya Mungu kuuficha uso wake. Mungu hujizuia, alisema, ili mwanadamu apate kuwa huru. Na mwanadamu akiwa huru kweli, aweza hata kuua. Hans Jonas, ambaye mama yake aliuawa Auschwitz, alisema katika hotuba aliyoitoa Ujerumani mwaka 1984 kwamba Mungu alipoumba ulimwengu aliuachilia uwezo wake, na kwamba hakuzuia mauaji yale kwa sababu hakuweza.

Sisi hatuwezi kumfuata Jonas mpaka huko, kwani kila Jumapili twakiri kwamba twamwamini Mungu Baba, Mwenyezi. Lakini tusimhukumu upesi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu wa mama aliyechomwa aujuaye mwanawe. Jonas aliona afadhali kuacha kusema kwamba Mungu anaweza yote, kuliko kuacha kusema kwamba Mungu ni mwema.

Aliye karibu nasi zaidi ni Emmanuel Levinas. Alizaliwa Lithuania, akawa raia wa Ufaransa. Wakati wa vita alikuwa mfungwa wa Wajerumani kwa kuwa alikuwa askari, na huku nyuma wazazi wake na ndugu zake wakauawa. Mwaka 1982 aliandika kwamba maumivu ya mwenzangu hayana maana ninayoweza kumwekea mimi. Nikianza kuyahalalisha maumivu ya jirani, nikasema yana faida, yana sababu, yamestahili, hapo ndipo ubaya wote unapoanza. Mateso yangu mwenyewe naweza kuyapa maana, kwa mfano nikiteseka kwa ajili ya kumsaidia mwingine. Lakini mateso yake yanataka kwangu kitu kimoja tu, kwamba niende kumsaidia.

Basi twaona kwamba mwanafalsafa huyu wa siku zetu na marabi wa kale wamefika kisima kimoja.

MKONO

Tumeacha kwa makusudi habari moja ya Talmudi ili tuje nayo mwisho. Rabi Yohanan alifundisha Tiberia, kando ya Bahari ya Galilaya, miaka kama mia mbili baada ya Bwana wetu kutembea pwani ile ile. Inasemekana alizika wana kumi, na kwamba alikuwa akichukua kifupa cha yule wa kumi. Katika siku zake walikuwako walimu waliofundisha kwamba mateso mengine ni dalili ya upendo wa Mungu, kama sisi tunavyosema msibani kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi.

Siku moja mwenziwe, Rabi Hiyya bar Abba, aliugua, na Rabi Yohanan akaenda kumtazama. Akamuuliza kama anayapenda mateso yale. Mgonjwa akajibu kwamba hayataki, wala hayataki malipo yake. Rabi Yohanan hakubishana naye, wala hakumkumbusha fundisho. Alimwambia ampe mkono. Akampa, naye akamwinua.

Kisha Rabi Yohanan mwenyewe akaugua. Akaja Rabi Hanina, akamuuliza vilevile, akapata jibu lile lile, akamwinua kwa mkono. Talmudi inauliza: yeye aliyemwinua mwingine, kwa nini hakujiinua mwenyewe? Nayo inajibu kwamba mfungwa hawezi kujifungua gerezani. Nasi twasema, mganga hajigangi.

Mara ya tatu aliugua Rabi Eleazari. Rabi Yohanan alimkuta amelala katika chumba chenye giza, analia. Akajaribu kukisia sababu: je, ni kwa kuwa hukusoma sana, au kwa umaskini, au kwa kukosa watoto? Kila sababu aliipatia jibu la kufariji. Lakini Eleazari alikuwa akilia kwa sababu mwili mzuri wa Yohanan utakuja kuoza mavumbini. Hapo Rabi Yohanan hakuwa na jibu. Alikubali kwamba jambo hilo lastahili machozi, na wote wawili wakalia. Ndipo akaomba mkono wake, akamwinua.

Ndugu, ninyi mnaosoma Injili, mkono huu hamuufahamu? Bwana wetu alimshika mkono mkwewe Simoni, akamwinua. Alimshika mkono binti wa Yairo. Alipoulizwa kwa nini yule mtu amezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, alikataa hesabu ile. Aliponena habari za watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wabaya kuliko wenzao. Kaburini kwa Lazaro alilia kabla hajamwita atoke. Na msalabani hakutoa maelezo. Alilia kwa maneno ya Zaburi ya watu wake, akiuliza kwa nini ameachwa. Na Baba naye hakumjibu kwa maelezo. Alimjibu siku ya tatu, kwa kumwinua.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tukifika penye msiba, tuketi, tungoje. Kimya chetu si upungufu wa imani. Pili, tuliondoe kabisa vinywani mwetu neno la kumtafutia mfiwa dhambi yake. Na tukilisikia likisemwa mbele yetu, tusinyamaze, kama sisi tulivyonyamaza siku ile. Tatu, mfiwa akilalamika, hata akimlalamikia Mungu, tusimkemee. Ayubu alilalamika, na Mungu akamhesabia haki. Nne, tutoe mkono. Na mkono maana yake ni maji, kuni, unga, ada ya watoto, na kuja tena baada ya turubai kufunguliwa na watu kutawanyika.

Mtapenda kujua habari za yule mama. Tulikwenda kwake, tukamwomba radhi kwa maneno yetu na kwa kunyamaza kwetu. Alitusikiliza, akatukaribisha chai, hakusema zaidi. Hatukumrudisha sisi. Jumapili moja ya Majilio tulimwona akiingia kanisani amefuatana na bibi mmoja mjane anayekaa jirani naye. Baadaye tulimuuliza yule bibi alimwambia nini. Akasema: "Sikumwambia kitu, padre. Nilikuwa nampitia asubuhi tukateke maji."

Swali la yule mama hatujaweza kulijibu, na sasa hatulioni kuwa la kujibiwa na sisi. Makosa hayakuwa yake. Hilo twalijua, nalo tulipaswa kumwambia siku ile ile. Mengine tunamwachia Mungu, ambaye ataulizwa na watoto wake wote, naye hawaogopi.

Tuombe. Ee Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, utusamehe maneno tuliyowatwika wenye huzuni. Utusamehe sisi Wakristo dhambi tulizowatendea watu wako Israeli. Uwe karibu na kila aliyefiwa katika mtaa wetu. Utupe masikio ya kusikia kilio, kinywa kijuacho kungoja, na mkono ulio tayari; hata siku ile utakapotuinua sote pamoja na Mwanao, aliyelia na akafufuka. Amina.